Kustaafu Morogoro: nyumba yenye vyumba vya wanafunzi Mafiga au kiwanja kipya Mkundi?

Mwalimu wa Dar

Ndugu wakazi wa Morogoro, nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya Serikali jijini Dar es Salaam na nimekaribia umri wa kustaafu kwa lazima, yaani miaka 60. Mke wangu na mimi tumekubaliana kuhamia Morogoro. Hali ya hewa ya chini ya Milima ya Uluguru tunaipenda, chakula kinatoka karibu, hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, na watoto wetu wanaobaki Dar es Salaam wataweza kutufikia kwa treni asubuhi na kurudi makwao jioni.

Tumeonyeshwa maeneo mawili. La kwanza ni nyumba ya zamani kidogo iliyopo Mafiga, mwendo wa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mbele kuna nyumba kubwa ambayo tungeishi sisi, na uani kuna vyumba vinane ambavyo vyote wanapanga wanafunzi. Mwenyewe anasema ana hati. La pili ni kiwanja upande wa Mkundi, kikubwa na cha bei nafuu, ambacho tunaambiwa kimo kwenye urasimishaji, yaani mpango wa kupima na kumilikisha maeneo ambayo hayajapimwa, na kwamba thamani yake itapanda haraka kwa sababu ya reli mpya.

Fedha zetu ni za mkupuo wa pensheni, ambao baada ya marekebisho ya kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) ya mwaka wa fedha 2024/2025 ni asilimia 40 ya mafao kwa watumishi wa kundi letu, kwa hiyo sina nafasi ya kununua kitu leo na kukirekebisha kesho. Ninaomba kujua mambo matatu kwa wenye uzoefu. Je, vyumba vya wanafunzi vinaweza kweli kumsaidia mstaafu kwa mwaka mzima? Je, nyaraka za maeneo haya mawili nizikague vipi? Na je, mtu wa umri wangu anaweza kuishi katikati ya wanafunzi na bado akawa na majirani wa kuzikana? Hilo la tatu ndilo mke wangu analiuliza kila jioni, na mimi sina jibu.

Mama wa Mafiga

Karibu Morogoro, kaka, wewe na wifi yetu. Nimepangisha wanafunzi Mafiga tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na baadhi ya wapangaji wangu wa zamani leo ni maofisa kilimo na madaktari wa mifugo huko mikoani. Nitakueleza mambo jinsi yalivyo, kwa kuwa dalali hawezi kukueleza.

Anza na kalenda. Mwaka wa masomo huanza kati ya Oktoba na Novemba na kwisha Julai au karibu na hapo, na baada ya hapo wanafunzi wengi huenda mafunzo kwa vitendo au makwao. Anayekuonyesha hesabu ya vyumba vinane mara miezi kumi na miwili anakuonyesha fedha ambazo hazitaingia mfukoni mwako. Piga hesabu ya miezi tisa, kisha ondoa chumba kimoja kitakachokaa wazi kwa sababu mwanafunzi ameahirisha mwaka, amepata nafasi bwenini au ameshindwa kulipa. Kitakachobaki ndicho kipato chako, na hapo hujapaka rangi, hujazibua choo wala hujabadilisha kitasa.

Jambo la pili ni chanzo cha fedha za hawa watoto. Wengi hutegemea fedha za kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa awamu, takriban kila baada ya miezi miwili. Bumu, yaani fedha hizo za kujikimu, la siku sitini ni shilingi 600,000. Humo mna chakula, sabuni, nauli, kuchapisha kazi za darasani na kodi ya chumba. Sasa mwenye nyumba anayemtaka mtoto huyu alipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo anamtaka alipe fedha ambazo hajawahi kuzishika kwa wakati mmoja. Matokeo yake mnayajua: mmoja anaandikisha chumba, wanalala watatu, choo kinajaa kabla ya wakati, na mwenye nyumba analalamika. Mimi hupokea kodi kwa muhula, na kwa yule ambaye fedha zake zimechelewa nampa tarehe na tunaiandika. Sijapata hasara kwa utaratibu huo, na vyumba vyangu havikai bila watu kwa sababu wanaoondoka huwaachia wadogo zao wa mwaka unaofuata.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko kodi ni umeme. Nyumba nyingi za hapa zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote. Kwangu kulikuwa na daftari lililofungwa kamba kwenye msumari pembeni ya mita, kila anayenunua anaandika jina, tarehe na uniti, na kila wiki palikuwa na kesi: huyu ana jagi la kuchemshia maji, yule ana pasi, yule mwingine ameweka jiko la umeme chini ya kitanda. Nilipoweka submita kwa kila chumba kesi zikaisha. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Kwa hiyo umeme wa kwanza wa kila mwezi nanunua mimi mwenyewe. Ni fedha ndogo, ila wapangaji wanaona kwamba hujawadhulumu, na hilo linakusaidia siku utakapowaomba nao wakutendee haki.

Maji usiyachukulie kuwa yapo tu kwa sababu mlima unauona dirishani. Mji unategemea sana Bwawa la Mindu, ambalo limekuwa likijaa mchanga kutokana na kilimo na makazi ya juu yake, na mji umekua mno: sensa ya 2012 ilitukuta watu zaidi ya 315,000, na ya 2022 zaidi ya 470,000. Mgao upo. Nyumba yenye watu kumi na wawili bila tangi kubwa la akiba si nyumba ya kununua. Uliza pia karo la choo lilichimbwa lini na kama gari la kunyonya majitaka linaweza kuingia uani, kwa sababu nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa familia moja, kisha vyumba vikaongezwa mpaka njia ikaziba.

Kuhusu swali la wifi nitajibu kwa kirefu baadaye, lakini kwa ufupi ni hili: wenye nyumba wengi wa mtaa wetu hawaishi hapa. Wanaishi Dar es Salaam au Dodoma, wanakusanya kodi kwa simu, na nyumba inaongozwa na kijana mmoja wa kufagia. Ninyi mkija kuishi mtakuwa mmeuongezea mtaa kitu ambacho umekipungukiwa.

Mpima Ardhi Mstaafu

Mwalimu, nimeifanya kazi ya upimaji kwa miaka mingi katika mkoa huu na mingine, na nitajibu swali lako la pili peke yake.

Hati iliyoshikwa mkononi si mwisho wa maneno. Kinachokulinda ni kile kilichoandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo huna haja ya kusafiri mbali. Omba namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha nenda ukafanye upekuzi rasmi. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki uliobaki, kama kuna rehani ya benki na kama kuna zuio la mtu yeyote. Ulizia pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa kila mwaka, kwa maana deni hilo halifi kwa sababu nyumba imeuzwa.

Kisha mwangalie muuzaji mwenyewe. Kama ana mke au mume, basi Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo iandikwe na kushuhudiwa, isiwe ya kuambiwa kwa mdomo kwamba mama yupo safarini lakini hana neno. Kama mmiliki aliyeandikwa amefariki, usizungumze na mtoto wake mkubwa, zungumza na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uione barua ya uteuzi.

Kwa nyumba ya Mafiga kuna jambo ambalo watu hulisahau kabisa. Hati inakupa ardhi yenye mipaka iliyopimwa, lakini vile vyumba vinane vya uani huenda vilijengwa baadaye, bila kibali cha ujenzi, na huenda ukuta wa nyuma umepita bikoni (jiwe la mpaka) na kuingia kwa jirani au kwenye njia. Mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, atafute bikoni zote kwa kutumia ramani ya upimaji, na jirani wa kila upande awepo wakati mpima anapozionyesha. Nimeona bikoni iliyofukiwa chini ya sakafu ya jiko, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli kwa kadiri zilivyojua. Kazi hiyo ni ya siku moja, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kesi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa kiwanja cha Mkundi. Kusema kwamba eneo lipo kwenye urasimishaji hakutoshi, kwa sababu urasimishaji una hatua. Kwanza huandaliwa na kuidhinishwa mchoro wa mipangomiji, unaoonyesha wapi ni makazi, wapi ni barabara, wapi ni shule au eneo la wazi. Halafu upimaji hufanyika na ramani yake kuidhinishwa. Mwisho ndipo umilikishaji. Kuna maeneo mengi nchini ambako wananchi walichangishwa fedha, mawe yakawekwa, na ramani haikuidhinishwa kamwe. Nenda halmashauri na namba ya mchoro, waombe wakuonyeshe kiwanja chako kimeangukia wapi. Ukikikuta katikati ya barabara iliyopangwa, maliza mazungumzo hapo hapo.

Muuzaji atakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na hilo ni sawa, kwa kuwa mwenyekiti na majirani ni mashahidi wazuri wa nani anatumia eneo hilo na tangu lini. Lakini wakikwambia kwamba kuna asilimia 10 ya bei inayokwenda ofisi ya mtaa, fahamu kwamba sheria haijaweka malipo hayo, na viongozi wa Serikali wamelikemea suala hili mara nyingi. Mkataba wenyewe uandikwe na wakili. Kodi ya mapato kwenye mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ni mzigo wa muuzaji, nawe utakuwa na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Muuzaji akitaka kodi yake uibebe wewe, basi ionekane kwenye bei, isijifiche.

Na la mwisho kwa maeneo yote ya bondeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mto Ngerengere unapita kwenye maeneo ambayo wakati wa kiangazi yanaonekana makavu na mazuri kwa ujenzi. Usinunue kiwanja chochote hapa kabla hujakiona wakati wa masika.

Msafiri wa Kihonda

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini naona upande wa kaskazini wa mji, wenye Mkundi na Kihonda, haujatetewa. Ninaishi Kihonda na ninafanya kazi Dar es Salaam. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari zake tarehe 14 Juni 2024, safari ya Morogoro ni kama saa mbili tu, na nauli ya kawaida ilipangwa shilingi 13,000. Kabla ya hapo basi lilikuwa linaweza kukuchukua nusu ya siku ukikwama Chalinze au Kibaha. Watu wa aina yangu tumeongezeka, na tunajenga.

Lakini kwa uaminifu, mwalimu, reli inanifaa mimi ninayesafiri mara kwa mara. Wewe ni mstaafu, utasafiri mara chache, na watoto wako watashuka stesheni kisha wachukue bodaboda au bajaji kwenda popote ulipo, iwe Mkundi au Mafiga. Hoja ya kwamba thamani itapanda ina maana kwa anayekusudia kuuza. Je, wewe unakusudia kuuza? Kama sivyo, thamani kupanda hakutakuletea maji wala barabara.

Uzuri wa huku kwetu ni wa aina nyingine. Mtaa wetu karibu wote ni wahamiaji, familia zenye watoto wadogo, kila mmoja amekuja na matofali yake na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba yeye ni mgeni. Tulichangishana kufungua barabara, tulichangishana kuvuta nguzo za umeme, na kwa sababu hiyo tunafahamiana kwa majina. Msiba ukitokea, turubai na viti vya mtaa hufika kabla ndugu hawajafika. Ukijenga huku, uje ukiwa bado na nguvu za kuhudhuria vikao, kwa maana vitu ambavyo Mafiga vilishafika zamani sisi bado tunavidai.

Mjukuu wa Bigwa

Ninaongeza neno moja kwa mwalimu iwapo atavutiwa na maeneo ya miinuko, Bigwa, Kilakala na kwingineko chini ya mlima, kwa kuwa madalali watampeleka huko pia kwa ajili ya mandhari. Sisi Waluguru ardhi ya ukoo huifuata kwa upande wa mama. Mwanamume anaweza kulima shamba miaka thelathini, akalijengea uzio na kulipanda migomba, na bado uamuzi wa kuliuza ukawa ni wa ukoo, pamoja na wajomba na dada. Mnunuzi kutoka nje anamwona baba mwenye nyumba, anamlipa, kisha baada ya mwaka anajiwa na kina mama wazee ambao hawajawahi kutajwa kwenye mkataba, na wana haki ya kusikilizwa. Ukipenda kiwanja cha huko, omba kikao cha ukoo kifanyike mbele yako na dada wa muuzaji watie sahihi.

Kuhusu wanafunzi, mji huu haujaanza jana kuishi nao. Chuo cha kilimo kilianza hapa mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili kwa jina la Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo katika mkoa wetu. Mazimbu waliishi vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi, na majengo ya shule yao, Solomon Mahlangu, yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 na sasa ni kampasi ya chuo hicho cha Sokoine. Wazee wetu waliwazika baadhi ya vijana wale hapo hapo Mazimbu. Mtu asiwaambie kwamba mwanafunzi ni mpita njia ambaye hana sehemu katika mji huu.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Shikamoo, mwalimu, na shikamooni nyote. Ninapanga Mafiga. Ninaomba niseme upande wetu kwa ufupi.

Wengi wetu hatumfahamu mwenyekiti wa mtaa kwa sababu hakuna aliyetupeleka kwake. Tunahamia kwa dalali, ambaye amechukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, tunapewa ufunguo, basi. Ukifanyika usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunasikia tu sauti za mafagio nje. Mwenye nyumba wangu wa sasa anaishi hapa hapa, na wiki ya kwanza alitupeleka wote saba ofisi ya mtaa, tukaandikwa kwenye daftari la wakazi, na akatupa namba za simu za majirani watatu. Mwaka jana mwenzetu alipoumwa usiku, jirani ndiye aliyemtoa kwa gari lake. Tangu hapo tunamchotea maji mama yake mzee bila kuombwa. Ukinunua nyumba ile, mwalimu, wapangaji utakaowakuta watafurahi kusikia kwamba mwenye nyumba amehamia.

Mama wa Mafiga

Mwanangu ameniwahi, na amesema vizuri.

Wifi anauliza kuhusu majirani wa kuzikana. Nitamjibu kama ningemjibu dada yangu. Kelele zipo. Siku ya matokeo na siku ya mahafali muziki utasikika, na kipindi cha mitihani taa zitawaka mpaka alfajiri na mtu atakuwa anatembea uani akikariri kwa sauti. Mnapaswa kuweka masharti mapema na kwa maandishi: saa ya mwisho ya muziki, wageni wa kulala, nani anafagia uani siku gani. Vijana hawachukii masharti. Wanachukia masharti yanayobadilika kulingana na hasira za mwenye nyumba.

Lakini mume wangu alipofariki, nilikuwa na wapangaji sita. Walihamisha magodoro yao, wakatoa vyumba vyao kwa wageni wa msiba waliotoka Kilosa, wenyewe wakalala kwa wenzao siku zote za matanga. Waliosha vyombo pamoja na kina mama wa mtaa, na ndipo wengine wa mtaa walipowafahamu kwa mara ya kwanza. Watu wanaosema kwamba wanafunzi hawana jamii huwa hawajawahi kukaa nao nyumba moja.

Ninachokiogopa mimi ni nyumba zisizo na wenyewe. Mtaa wetu ulikuwa na familia kila upande, na kikoba chetu kilikuwa na wanachama wa nyumba zilizofuatana. Sasa familia zinauza, nyumba zinageuzwa hosteli za vyumba ishirini, na wanaokuja kwenye mkutano wa mtaa ni wazee wale wale. Mwaka 2024 tulipochagua viongozi wa mtaa tarehe 27 Novemba, niliangalia foleni nikaona ni nani wamebaki. Ukiniuliza nani anunue nyumba ile, nitasema anunue mtu atakayelala humo. Kama mnatafuta fedha tu, basi vyumba vinane havitawatosha na kero zake zitawachosha mapema.

Mwalimu wa Dar

Marahaba, kijana wetu, na ninawashukuru wote kwa moyo wangu. Nimemsomea mke wangu majibu haya yote jana usiku, na maneno ya Mama wa Mafiga aliyarudia kuyasoma mwenyewe.

Tumeamua kukiacha kiwanja cha Mkundi. Nilimpigia aliyetuonyesha nikamwomba namba ya mchoro wa mipangomiji, akanijibu kwamba mambo hayo yatafuata baada ya malipo ya awali, na kwangu hilo limetosha. Ndugu wa Kihonda amenisaidia pia kwa swali lake: sikusudii kuuza. Kwa nyumba ya Mafiga nimeshapata namba ya kiwanja na kitalu, na nitafanya upekuzi kabla ya kuzungumza bei.

Limebaki jambo moja. Muuzaji ameniambia kwamba kodi ya vyumba sita kati ya vinane ameshaipokea mpaka mwisho wa muhula, na anasema tukinunua mwezi ujao wale wanafunzi wataondoka ili tukabidhiwe nyumba tupu. Mke wangu hataki waondolewe. Je, hilo huandikwaje?

Mpima Ardhi Mstaafu

Mke wako yupo sahihi kwa haki na kwa usalama wa fedha zenu. Wanafunzi hao wamelipa, na wakiondolewa katikati ya muhula wana haki ya kurudishiwa kodi ya muda uliobaki. Wakimkosa muuzaji watakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye watakayekukuta mlangoni.

Wakili aandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba nyumba inauzwa ikiwa na wapangaji, awataje kwa majina, aeleze kila mmoja amelipa mpaka tarehe gani, na aambatanishe nakala za mikataba yao au stakabadhi. Kodi ya kuanzia siku ya makabidhiano mpaka mwisho wa muhula ipigiwe hesabu na ipunguzwe kwenye bei, kwa kuwa kuanzia siku hiyo ni mapato yako na fedha zake anazo muuzaji. Wapangaji wote waitwe siku moja, waelezwe mbele ya muuzaji na mwenyekiti wa mtaa kwamba mmiliki amebadilika na masharti yao yanaendelea mpaka muhula utakapokwisha, na kila mmoja asaini kwamba ameelezwa. Msomee kila mpangaji kiasi kilichoandikwa dhidi ya jina lake. Hapo ndipo utajua kama muuzaji amekwambia kweli kuhusu vyumba sita.

Mama wa Mafiga

Kaka, msije kuiangalia nyumba hiyo Septemba, wakati uani hakuna mtu. Njooni Aprili, mvua za masika zikinyesha na masomo yakiendelea, siku ya kazi, jioni baada ya saa kumi na mbili. Mtaona kama maji yanatoka bombani watu wote wakiwa nyumbani, mtaona paa linavuja wapi, mtaona maji ya mvua yanatokea wapi na kuelekea kwa nani. Mje na wifi, mpitie kwangu kwanza, halafu niwapeleke kwa majirani wa pande zote mbili za nyumba hiyo, maana mmoja wao nimesali naye jumuiya moja kwa miaka mingi na atawaambia habari za ule ukuta wa nyuma.